Shangazi, hili duka la maua litaniua: nifunge sasa hivi au nisubiri?

Assalaam aleykum Shangazi, na shikamoo. Naomba usinicheke maana hapa nyumbani nshachekwa vya kutosha.

Mi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, kwetu Tanga ila naishi Dar, na nina kaduka ka maua Sinza, fremu moja tu. Nilikafungua mwezi wa sita 2024 baada ya kupunguzwa kazi, nikachukua kiinua mgongo changu chote nikaweka humo. Maua nimeyapenda toka mdogo, bibi yangu alikuwa anatunga asumini na vikuba vya harusi, vile vishada vya maua ya kunukia, nyumba nzima inanukia, na mi nikajiambia ntafanya hivo hivo ila kisasa, bukee, gari la bibi harusi, meza kuu, mambo kama hayo.

Shangazi mwanzo ulikuwa mtamu. Julai mpaka Desemba ile ya 2024 sikuwa napumua, kila wikiendi sendofu, kitchen party, harusi, nikasema kumbe watu wanateseka kwenye ajira bure. Valentine ya 2025 nikaleta rozi 500 kutoka Arusha, saa nane mchana sina hata moja, bodaboda watatu walikuwa hawakai chini, ofisi hii mara ofisi ile. Af mwezi wa tatu pakafa. Wa nne pakafa zaidi. Nikasema labda ni mvua, na mi bado mgeni, ntazoea. Ikaja Juni mambo yakarudi, nikasahau.

Sasa mwaka huu 2026 ndo nimeumia. Nikawaza mwaka jana 500 ziliisha saa nane, si mwaka huu nilete nyingi? Nikaleta 1,200. Bei kule shamba ilikuwa imepanda, rozi ambayo siku zote nachukua 500 wakaniambia elfu moja, nikakubali tu. Milioni moja nikakopa kwa hawa watu wa kausha damu, narudisha na laki tatu juu ndani ya mwezi, laki tano zikatoka kwangu kujazia hela ya maua na kwa ajili ya usafiri na karatasi na riboni. Shangazi siku ile ya Jumamosi nimekaa dukani toka saa kumi na mbili asubuhi nimevaa gauni jekundu, mpaka saa tisa nimeuza kama 310 kwa elfu tatu tatu, jioni nikaanza kuziachia kwa buku, zikaenda 200 hivi. Zilizobaki Jumatatu zimeinamisha vichwa zote, nikazimwaga usiku watu wasione.

Hapo hapo nilikuwa na parokia moja napeleka maua ya altare kila Jumamosi, ndo iliyokuwa inanilipia umeme na msichana wa dukani, wiki hiyo hiyo katibu akanipigia akasema dada tusimame kwanza mpaka tutakapokwambia. Nikajua tu kuna mtu kanisema vibaya. Ramadhani naijua, mi mwenyewe Muislamu, nilijua harusi zetu zitasimama, nikasema hamna shida ntabaki na za Wakristo. Hamna! Hata moja! Wifi akaniambia kuna mtu amenifukia kitu mlangoni, akanipeleka kwa mtaalamu mmoja huko Mkuranga, ikatoka laki na nusu nyingine, tukafukiza duka, maua yakazidi kunyauka.

Na kunyauka ndo jambo lingine. Maua yangu hayakai siku hizi. Nina friji ile ya soda ya mlango wa kioo, nayaweka humo, nayanyunyizia maji asubuhi na jioni, bado. Boksi likifika asubuhi na basi la usiku naenda Mbezi kulichukua, nalipitisha dukani, nawahi kupeleka watoto shule, narudi saa tano nafungua, tayari mengine yana madoa ya kijivu. Msichana wangu anasema Arusha wananiletea maua ya zamani. Baba watoto, ambaye ana biashara yake ya juisi na kwenye friji hiyo hiyo anaweka matunda yake, anasema hayo ni majani tu kama mchicha yanaoza, nifunge nimwachie fremu aweke juisi na M-Pesa.

Sa hivi nadaiwa laki sita na kausha damu, kuna kamati ya harusi ya mwezi wa tano ina laki nne zangu hawapokei simu, na mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita mwezi wa nane, milioni moja na laki nane. Mama mkwe anasema niingie kwenye maua ya plastiki, hayaozi. Shoga yangu anasema nikope tena nijipange na Valentine ijayo nirudishe hela yangu. Watu wengine wananiulizia mashada ya msiba ila baba watoto hataki kabisa, anasema yanaleta nuksi dukani, na kwetu hatuweki mashada kwa hiyo hata sijui naanzia wapi, huwa nawajibu sifanyi.

Nifunge Shangazi? Au ni kweli nimefanyiwa kitu?

Mama Wawili, Sinza

*

Aleykum salaam mwanangu, marahaba. Sijakucheka. Nimecheka kidogo pale kwenye gauni jekundu lakini ni kwa sababu nami ninalo langu, la mwaka ambao sitautaja. Nimeuza maua miaka 14, nilianzia Moshi nikamalizia hapa hapa Dar, na hayo yaliyokupata yote nimeyapitia isipokuwa Mkuranga.

Hujafanyiwa kitu. Chukua kalenda, kaa chini, tuangalie pamoja.

Valentine ya 2025 iliangukia Ijumaa. Ndo maana bodaboda zako hazikukaa. Rozi za Valentine hapa mjini hazinunuliwi na mtu anayepita njiani kwa miguu, zinanunuliwa na mwanaume anayetaka mkewe au mchumba wake apelekewe OFISINI, wenzake waone, wapige kelele, wapige picha. Hiyo ndo bidhaa unayouza siku hiyo, kelele za ofisini, ua ni kisingizio. Mwaka huu tarehe 14 ilikuwa Jumamosi, ofisi zimefungwa, mke yuko nyumbani anafua, mume hana wa kumwonyesha. We ukaleta mara mbili na zaidi ya mwaka ule kwa siku ambayo ni ya nusu. Tena 8 Machi, Siku ya Wanawake, ambayo makampuni hununulia wafanyakazi wao wa kike ua moja moja, mwaka huu ikawa Jumapili. Sikukuu zako mbili za ofisi zote zimeangukia wikiendi, mchawi hapo ni nani?

Haya, parokia. Mwanangu hakuna aliyekusema. Tarehe 18 Februari ilikuwa Jumatano ya Majivu, Kwaresma imeanza, na Kanisa Katoliki wakati wa Kwaresma halipambi altare kwa maua, isipokuwa ile Jumapili ya nne na sikukuu kubwa kubwa zikiangukia humo katikati. Ni utaratibu wao wa siku zote. Katibu alikwambia tusimame KWANZA, we ukasikia tumekuacha. Na Wakatoliki wengi hawafungi ndoa kipindi hicho, na hata madhehebu mengine familia nyingi hukwepa. Sasa wiki hiyo hiyo Ramadhani nayo ikaingia. Yani ndani ya wiki moja umepoteza Waislamu na Wakristo kwa pamoja, na Pasaka ikaja 5 Aprili, masika ishaanza, barabara maji, watu wanahesabu ada. Mwaka 2025 ilikuwa vile vile, Ramadhani na Kwaresma ziliachana siku chache tu mwanzoni mwa Machi, ila hukuona kwa sababu ulikuwa na hela ya Valentine mfukoni.

Sasa shoga yako anayesema ukope ujipange na Valentine ijayo, mwambie Shangazi kakataa na sababu ni hii. Tarehe 14 Februari 2027 ni JUMAPILI. Kwaresma itakuwa imeshaanza tarehe 10. Ramadhani, mwezi ukiandama, itakuwa imeingia karibu na tarehe 8. Nusu ya mji umefunga huku, nusu umefunga kule, ofisi zimefungwa zote. Ukileta rozi 1,200 siku hiyo nakuja kukufungia duka mimi mwenyewe. Leta 150, tena za watu waliolipia, uza Ijumaa ya tarehe 12, andika kwenye status yako mapema kabisa kwamba Valentine ya ofisini ni Ijumaa. Hela utakayobakiza iweke kwa 8 Machi 2027, hiyo ni Jumatatu, hapo ndo pa kugongea milango ya ofisi kuanzia Januari na barua mkononi, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, uwe nayo la sivyo taasisi hazikugusi.

Na usishangae bei kupanda Februari. Yale mashamba ya Arusha hayalimi kwa ajili yako na mimi, yanalima kwa ajili ya Uholanzi na Ulaya, na Valentine ni yao pia. Mwezi huo rozi nzuri inapanda ndege, sisi tunauziwa iliyobaki kwa bei ya iliyoondoka. Halafu inafika Dar kwenye joto la kiangazi. Ghali, imebaki, na inakufa haraka! Mwezi gani mwingine utanunua kitu cha namna hiyo?

Sasa tuje kwenye friji, hapa nikae kidogo maana hapa ndo nimesikia uchungu.

Umeandika kwa kupitia tu, eti mume wangu anaweka matunda yake kwenye friji hiyo hiyo. Mwanangu! We ni mtu wa Tanga, umeona bibi yako akivundika ndizi. Anazifunika zile mbichi na moja iliyoiva, siku mbili zote zimeiva. Kinachoziivisha ni ile hewa inayotoka kwenye tunda lililoiva, na hewa hiyo hiyo ikikuta ua inalijulisha kwamba kazi imeisha, zeeka. Karnesheni ndo haziwezi kabisa, zinajikunja kama mtu aliyelala, gipso zinasinyaa, rozi zinamwaga petali. Na Februari ni embe na ndizi za juisi zimejaa humo. Miezi yote hiyo umekuwa ukiyavundika maua yako kwenye friji ya kioo na kulipia umeme juu. Matunda yatoke leo. Baba watoto akinuna anune, mnunulie deli lake la barafu aweke embe zake huko, na hii friji isiguse hata parachichi.

Boksi nalo. Ua lililokatwa bado linapumua, na likipumua linatoa joto, sasa weka rozi mia mbili zimebanana kwenye boksi lililofungwa safari nzima ya usiku kutoka Arusha, af uliache limefungwa dukani mpaka saa tano, humo ndani ni jasho tupu. Madoa ya kijivu ni ukungu, na ukungu unataka maji tu na petali iliyobanwa. Kwa hiyo usimsingizie mtu wa Arusha. Boksi likifika fungua hapo hapo hata kama watoto watachelewa kidogo, au msichana afungue. Mabasi ya usiku yaliporuhusiwa tena 2023 tulishukuru sana wenye maduka kwa sababu maua yanasafiri kwenye ubaridi, we unaipokea hiyo neema halafu unaichemsha.

Ukishafungua toa majani ya chini yote yatakayozama, kata shina kwa mshazari kama sentimita mbili tatu kwa kisu kikali, sio mkasi wa karatasi unabana mirija, weka kwenye ndoo iliyooshwa kwa jiki. Ndoo ikiwa inateleza ndani ndo inayoua maua yako. Maji badilisha kila siku. Matone machache ya jiki kwenye maji, kijiko cha sukari na limao kidogo, yatosha kwa duka la fremu moja. Na hiyo kunyunyizia maji asubuhi na jioni ACHA, hasa masika, Dar hewa yenyewe ni maji, ua halinywi kwa kichwa. Ukipokea heliconia au anthurium usiziweke kwenye baridi la rozi, hizo ni za joto kama sisi, zinapiga weusi, ziache nje kivulini.

Haya, nifunge au nisifunge. Unaniuliza hivo mwezi wa saba! Nani anang'oa mahindi yanapobeba? Kuanzia sasa mpaka katikati ya Desemba ndo mavuno yenyewe. Dar kumepoa, ua linakaa siku mbili tatu zaidi ya Februari bila hata kuligusa. Kule Arusha baridi inafanya rozi zichelewe kuchanua kwa hiyo weka oda wiki mbili kabla, usipige simu Alhamisi unataka za Jumamosi, ila zikija vichwa ni vikubwa kuliko za kiangazi. Harusi zipo, mahafali ya la saba na kidato cha nne yanakuja, vyuo vikuu kuanzia Oktoba huko. Ikifika tarehe 18 au 20 Desemba punguza, sisi Wachaga tunapanda zetu mlimani, harusi zinahamia Moshi na Arusha na maua yanaishia huko huko, Dar unabaki na wateja wa Krismasi wachache na wewe pumzika.

Kwa hiyo hesabu ya duka la maua inaanza Juni inaisha Mei, usiihesabu kwa mwezi mmoja mmoja utakuwa kichaa. Mi nilikuwa na kibubu cha bati, kila harusi kuanzia Juni kumi ya mia inaingia humo, sifungui mpaka Machi. Machi na Aprili nilikuwa naishi kwa kibubu na oda ndogo ndogo. Mwaka ambao sikuweka nilikopa, na nikikopa Machi nalipa mpaka Septemba, mavuno yote yanaliwa na mtu mwingine.

Mwenye fremu usimlipe miezi sita. Nenda na mtu mzima mmoja, sio wewe peke yako, mwambie miezi mitatu mitatu, na kama hataki angalia saluni au duka la kukodisha magauni ya bibi harusi hapo jirani uombe kona moja mchangie kodi. Mteja wa gauni ndo mteja wa bukee, sijui kwanini watu wanapanga fremu mbali mbali. Baada ya Pasaka ijayo ukiona unaweza kufanyia nyumbani miezi miwili ya masika kwa oda tu, fanyia nyumbani, sio aibu.

Kamati ya mwezi wa tano hiyo laki nne isahau nusu, ntakwambia kwanini. Kamati ya harusi ina uhai mfupi kuliko rozi. Harusi ikiisha wanakutana mara moja tu, kwenye vunja kamati, wanakula mbuzi kwa hela yako, kisha hakuna mwenyekiti, hakuna mhazini, kila mtu anakwambia muulize fulani. Mpigie bibi harusi mwenyewe kwa upole, huyo ndo ana aibu. Kuanzia leo asilimia 70 kabla hujapiga simu Arusha, na 30 kabla hujaingiza ndoo ukumbini, sio baada ya keki. Watasema mbona huna imani, waambie shamba halina imani na mimi.

Plastiki, mama mkwe hajakosea kabisa. Usiuze plastiki, KODISHA. Nunua Kariakoo taratibu, seti moja nzuri ya rangi nyeupe, inaingia kila ukumbi, inafutwa vumbi inarudi. Maua halisi yabaki pale mtu anapoyagusa na kuyanusa, mkononi mwa bibi harusi, kifuani kwa bwana harusi, meza kuu. Nimeona wanaochanganya plastiki na halisi kwenye bukee moja, sipendi, lakini ni macho yangu tu hayo.

Ila kuna kitu unacho ambacho Kariakoo hawana na Arusha hawana, na umekitaja mwanzoni ukakiacha. Bibi yako! Kikuba! Hapa Dar sa hivi kila kitchen party wanataka mambo ya pwani, singo, udi, wasichana wa Kichaga na Kihaya wanatafuta asumini hawajui waipate wapi. Panda mashina mawili matatu ya asumini na mrehani, au mkubaliane na mama mmoja mwenye uwanja, vichwa vinachumwa jioni vikiwa bado vimefumba vinafunguka usiku, na asumini inapenda joto, yani inakupa maua miezi ile ile rozi inakutesa. Na mfunguo mosi, ule mwezi wa baada ya Ramadhani, ukiandama harusi za Kiislamu zinarudi kwa kishindo, uwe tayari na vikuba, hata mtaji wake ni sindano na uzi.

Kausha damu maliza hiyo laki sita kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya kibubu, harusi mbili za mwezi huu zinatosha. Usichukue nyingine kuilipa hiyo. Ukitaka mkopo wa kweli huko mbele nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne ni za vikundi vya wanawake, hazina riba, ila lazima uwe na kikundi kilichosajiliwa na uvumilivu wa foleni. Anza sasa labda mwakani utapata.

Sasa mashada. Nimeyaacha mwisho kwa sababu ndo yanayonihusu.

Harusi zina msimu, Valentine ina siku moja, msiba hauna msimu mwanangu. Masika yote hiyo umekaa unahesabu nzi, watu wamekuja mlangoni kwako wanataka shada na we umewajibu sifanyi. Naelewa Waislamu hawaweki mashada na wanazika haraka, hukulelewa nayo. Lakini kwa Wakristo pale kaburini mshereheshaji anaita mmoja mmoja, mjane, watoto, wajukuu, majirani, ofisi, kila kundi na shada lake mkononi, na mtu ambaye ameitwa hana kitu cha kuweka anajisikia vibaya maisha yake yote. Hawaji kununua mapambo. Huyo anakuja hana hata nguvu ya kuuliza bei, kwa hiyo bei iandike ukutani, iwe moja mchana na usiku, usimwongezee hata mia kwa sababu ana haraka. Na usiende kuzunguka zunguka mochwari kutafuta wateja, kaa dukani kwako watakuja. Mume wako mwambie nuksi ni kudaiwa.

Kutengeneza ni rahisi kuliko bukee, fremu ya mti au waya, mchikichi au mvinje kwa nyuma, krisanthemamu na karnesheni mbele kwa sababu zinakaa, rozi acha. Sisi Wachaga tunatia majani ya masale pia.

La mama yangu nilitengeneza mwenyewe. Alifariki mwezi wa nne, mvua, barabara ya kwetu ilikuwa matope gari haipandi, tulibeba kila kitu kwa mikono kutoka chini. Nilikaa kwenye veranda na taa ya chemli, masale ya hapo hapo kihambani kwake na karnesheni nyeupe nilizotoka nazo dukani, dada zangu wananiambia lala nunua la tayari kesho pale mjini, nikakataa, mikono ilikuwa inataka kazi. Mshereheshaji alipoita watoto nilisahau kabisa maneno ya kusema ila shada nilikuwa nalo.

Jumatatu mpigie yule katibu wa parokia. Usimuulize kwanini walisimama. Muulize tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, waumini wanaoenda makaburini wananunua wapi maua yao.

Shangazi